Mche wa limau au ndimu: kagua kovu kwanza, jina baadaye

Lalamiko ni lilelile: mlimau ulizaa vizuri misimu miwili, sasa unatoa malimau ya ganda nene lenye vinundu, maji haba, miiba hadi ya kutoboa ndala. Mti haujageuka. Aina uliyoinunua imekufa, na kinachozaa ni shina la chini lililokuwa limeibeba.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jina, tafuta kovu la kubebesha, yaani pale aina uliyoinunua ilipounganishwa na shina la chini. Liwe juu ya udongo kwa sentimita 15 hivi, limefunga vizuri, halitoi utomvu, na utepe wa plastiki uwe umeondolewa. Ukiachwa hulikaba shina likinenepa. Chipukizi lolote chini ya kovu ling'oe kwa mkono lingali changa, maana likikatwa kwa mkasi huota tena. Jani lenye vipande vitatu kwenye kikonyo kimoja ni la shina la chini, halina mjadala. Unapopanda, usifukie kovu, wala matandazo yasiguse shina: unyevu hapo huleta kuoza.

Sasa majina. Kwangu aina ya kwanza ni ndimu ya Tahiti, na sioni inayoikaribia. Haina mbegu, miiba yake ni michache, maji ni mengi. Ichume ingali kijani. Ukingoja njano, ukali unapungua.

Ya pili ni Meyer, chotara wa limau, kwa wanaopanda kwenye chungu. Si kali kama limau halisi, ganda lake ni jembamba. Dai ile iliyosafishwa virusi, Improved Meyer, iliyotolewa mwaka 1975. Ya zamani ilibeba virusi vya tristeza, ugonjwa wa jamii ya michungwa, bila kuonyesha dalili yoyote, huku ikiviacha viambukize michungwa ya jirani.

Kwa malimau halisi, Eureka huzaa karibu mwaka mzima na miiba yake ni michache, ila haielewani na shina la chini lile la jani lenye vipande vitatu. Kiungo hujikunja, na mti hudhoofika baada ya miaka kadhaa, wakati risiti imeshapotea. Lisbon inastahimili zaidi upepo, joto na baridi, lakini ina miiba. Ipande mbali na njia.

Ya bei rahisi ni mche wa mbegu. Ndimu ndogo ndiyo pekee ningeikubali hivyo, kwa kuwa kwa kawaida hufanana na mama yake. Limau la mbegu litakuweka miaka mingi bila tunda.

Sasa wauzaji. Ukiuliza imebebeshwa juu ya nini, unajibiwa "ni ya kisasa". Hilo si jibu. Na mche mdogo wenye tunda moja linaloning'inia hupandishwa bei kana kwamba ni sifa, ilhali tunda hilo linaunyonya. Likate siku hiyohiyo. Kisha chungulia chini ya mfuko: mizizi iliyojizungusha kama kamba haitajinyoosha yenyewe, na mche huo mwachie muuzaji.