Mzinga wa Königsberg mezani kwangu Kigoma: uzoefu wangu baada ya miezi mitano

Watu wa mchezo wa vita vya mezani, tunaopiganisha sanamu ndogo kwa dadu, ukiwauliza mzinga gani wanaupenda kuliko yote, wengi watakutajia ule wa Kijerumani wa milimita 88, wa kutungulia ndege, ambao ukiinamishwa mtutu unatoboa kifaru. Wengine watakuambia wa Waingereza wa ratili 25, kwa sababu ya lile duara la chuma chini ya magurudumu linalowawezesha askari wachache kuuzungusha upande wowote. Modeli za yote miwili ninazo na nimezipaka rangi kwa mikono yangu. Lakini tangu ulipofika huu wa tatu, ile mingine inakaa kabatini.

Ni modeli ya mzinga wa milimita 105 wa Königsberg, manowari ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Kwanza. Manowari hiyo ilikuwa na mizinga kumi ya aina hii. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia na kuizamisha manowari Pegasus ya Waingereza pale Unguja, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji mpaka ilipomalizwa humo tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakaopoa mizinga yake, wakaipeleka Dar es Salaam, na karakana ya reli ikaiundia magari ya magurudumu ili ipigane nchi kavu. Mmoja ukapanda treni hadi huku kwetu Kigoma, ukafungwa kwenye sitaha ya Graf von Götzen, meli yao ya Ziwa Tanganyika. Ndiyo hiyo hiyo Liemba ambayo bibi zetu wamepanda na magunia yao ya dagaa. Kwa hiyo nilipouona unauzwa mtandaoni sikulala.

Nililipa kama shilingi 98,000, na usafirishaji 60,000 juu yake. Wiki saba. Ndani ya boksi kulikuwa na vipande 23 vya resini na wapiga mzinga watano wa chuma, mabaharia wawili na askari watatu. Kilichonivutia zaidi ni kwamba mtutu ni mmoja lakini vikalio ni viwili: gari la magurudumu la nchi kavu, na kile kigingi cha duara cha kufungia melini.

Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, kwa hiyo kibano, taa ya lensi na kalipa ninavyo mezani tayari. Kitu cha kwanza nilipima mtutu: milimita 74. Mtutu halisi ni mara 40 ya upana wa tundu lake, yaani mita 4.2, na ukigawa kwa 56, ambacho ndicho kipimo cha sanamu zangu, unapata milimita 75. Hapo nikamheshimu aliyeuchonga. Hata kitasa cha nyuma cha kuingizia kombora kinafanana na picha alizonipigia shemeji yangu Fort Jesus, Mombasa, ambako mzinga mmoja wa kweli umewekwa hadi leo.

Kasoro zipo, na nazisema kwa sababu pesa ni pesa. Mtutu ulikuja umepinda kama ndizi. Huo unatibika: uutumbukize kwenye maji ya moto dakika moja, uunyooshe juu ya kioo, kisha uumwagie maji baridi hapo hapo. Gurudumu moja lilikuwa na mapovu, spoki mbili tupu ndani. Nilimwandikia muuzaji mara mbili, hakujibu, nikazijaza mwenyewe kwa epoksi, ule udongo wa gundi unaokauka ukawa mgumu. Ngao ya mbele ni nene mno; ukiikuza kuwa ya kweli ingekuwa kama tofali. Niliisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji, na nakuomba nawe ufanye hivyo hivyo, maana vumbi la resini si la kuvuta kifuani. Maelezo ya kuunganisha ni picha moja tu, tena yenye giza.

Rangi ya kijivu, kutu kidogo kwenye mhimili, halafu udongo mwekundu wa kilimani kwetu niliouchekecha kwa chujio la chai na kuuchanganya na gundi ya mbao. Hakuna chupa ya dukani iliyonipa rangi ile.

Nilipomaliza nikauweka juu ya kaunta ya kibanda, na jirani yangu mmoja, mzee aliyefanya kazi miaka mingi chumba cha injini cha Liemba, akaja kuchukua simu yake. Nikamwamkia, akaitikia, akauinamia mzinga kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na wa kuuvuta wako wapi?"

Sikuwa na jibu, na boksi halikuwa na jibu. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa kuliko mapovu yote. Wamechonga mpaka vifungo vya koti la baharia, lakini mpagazi hata mmoja hawakumweka. Mzinga ule uliotengenezwa kukaa melini haukutembea nchi hii kwa miguu ya mabaharia. Walifungwa kamba watu kwa mamia, wakauvuta kwenye tope, mchanga na milima. Ukiusimamisha mezani na wazungu wawili na askari watatu tu, umeonyesha nusu ya kitu.

Basi nikawatengeneza mwenyewe. Waya za shaba kutoka kwenye chaja mbovu zikawa mifupa, epoksi ikawa nyama, uzi wa kushonea viatu ukawa kamba. Wako 24, wiki tatu za usiku baada ya kufunga kazi. Kila mmoja ana uso wake.

Na hapo ndipo mchezo wenyewe ulipobadilika. Mzinga huu ulikuwa unafika zaidi ya kilomita kumi, kwa hiyo meza yangu yote, hata ukiongeza ya jirani, iko ndani ya shabaha. Ukiucheza hivi hivi hauna raha: unarusha dadu, unaua, basi. Sasa tumekubaliana na shemeji, ambaye ndiye Mbelgiji wangu wa kudumu, yaani anacheza upande wa Wabelgiji waliopigana na Wajerumani huku, kwamba bila wapagazi haugeuki wala hausogei. Msafara wote ukiwa kwenye kamba una urefu wa sentimita 40, hauwezi kukatiza porini, lazima ufuate njia. Tena nina makombora 12 tu kwa mechi nzima. Mechi yetu ya kuigiza vita vya Tabora vya Septemba 1916, nilijikuta nahesabu watu wa kamba kuliko askari. Pembeni nina modeli za mizinga miwili ya Kijerumani ya zamani zaidi, aina ya C/73, inayotumia baruti nyeusi. Ikipiga mara moja moshi unamwonyesha adui ilipo, na tunaweka pamba. Ukiiona ile ndipo unaelewa kwa nini walihangaika hivyo kuopoa chuma cha Rufiji.

Kwa modeli yenyewe natoa nyota nne kati ya tano. Ukiwa na mikono ya subira, nunua. Ukitaka kitu cha kutoa boksini na kucheza jioni ile ile, huu si wako.

Kigingi cha melini nimekipatia kazi. Chini ya mtutu nimebandika sumaku ya spika ya simu, unahama kutoka kwenye gari kwenda kwenye sitaha kwa sekunde mbili. Meli naichonga kwa mbao. Kwa kipimo hiki Liemba inakaribia sentimita 127, na ubavu wa kushoto umekwisha. Lakini kabla Wajerumani hawajaizamisha wenyewe hapo karibu na mdomo wa Malagarasi, Julai 1916, injini zikiwa zimepakwa grisi, walikuwa wameshaung'oa mzinga na kuweka wa bandia wa mbao. Nami nimechonga wa mbao, kipande cha mwembe, milimita 74 kamili, kijivu kile kile. Kabla ya kila mechi ya ziwani namwomba shemeji atoke nje kidogo, naweka mmoja wapo kwenye kigingi, kisha namwita. Jumamosi iliyopita alitumia ndege zake zote mbili kulipua mwembe.