Gari la umeme la majaribio kwenye vilima vya Mwanza: uzoefu wangu kama dereva teksi

Nikipaki kijiweni sikosi mtu wa kuniuliza: bosi, hilo gari la umeme tununue au tusubiri? Jibu langu ni kwamba toleo hili la kwanza silinunui, na simshauri dereva mwenzangu alinunue. Si gari baya. Yapo mambo linayoyafanya ambayo Toyota IST yangu ya petroli haitakaa iyaweze. Lakini nimelitumia kabla halijaingia sokoni, na yaliyonitia shaka siyo yale ambayo watu wanayaogopa. Wengi wanaogopa betri kuisha porini. Kwangu hilo ndilo lililonisumbua kidogo kuliko yote.

Kampuni siitaji, kwa sababu gari lenyewe bado ni la majaribio na wana nafasi ya kurekebisha. Ni dogo, la milango 5, ukubwa wa IST hivi, betri yake ni kilowati-saa 30, yaani uniti 30 za LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Walitugawia madereva wachache wa Mwanza tuyafanyie kazi ya kawaida ya teksi na kila jioni tujaze fomu. Siku tunakabidhiwa funguo, tarehe ya uzinduzi ilikuwa imeshachapishwa kwenye bango. Hilo lilinikaa kichwani tangu siku hiyo. Tarehe ikishapangwa, majaribio yakiibua jambo zito, nani atakuwa na ubavu wa kuisogeza?

Nianze na pesa, maana ndiyo inayotutoa nyumbani alfajiri. Dereva teksi yeyote anaijua Jumatano ya kwanza ya mwezi: EWURA, wadhibiti wa nishati, wanatangaza bei kikomo za mafuta, nasi tunapiga hesabu upya. Gari hili lilikula uniti 13 mpaka 14 kwa kilomita 100 za mjini. Kwa uniti ya shilingi 356, hapo hujafika hata 5,000. IST kwa umbali huohuo inataka lita 7 au 8, bei ya petroli unaijua, zidisha mwenyewe. Ila kuna kitu wauzaji hawakukitaja. Nyumba nyingi mtaani ziko kwenye D1, daraja la bei la watumiaji wadogo wa umeme, ile uniti ya shilingi 122 pamoja na kodi, mradi matumizi yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Ukiijaza betri ya uniti 30 mara tatu tu, umeshavuka. Ukiendelea hivyo, nyumba nzima, friji na pasi na taa za uani, inahamishiwa kwenye 356. Mama watoto alinitangazia habari hiyo kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Hata ukijumlisha hilo bado unaokoa pesa, lakini lipigie hesabu kabla, usije ukashangazwa na LUKU.

Umbali nao nisiupitishe kimya. Brosha inasema kilomita 300 kwa chaji moja. Hiyo ni namba ya CLTC, kipimo cha China kinachofanywa maabara kwa mwendo wa taratibu, na kinajulikana kwa ukarimu wake. Gari lilelile likipimwa kwa WLTP ya Ulaya, namba hushuka. Mjini nilipata karibu 220. Barabara kuu, ukishika 90 na AC inapuliza, hazifiki 200. Nililipeleka Sengerema kupitia Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Enzi za kivuko ungezima gari, ukashuka, ukasubiri zamu yako. Siku hizi unapita juu ya maji bila kusimama. Nilienda na kurudi, na chaji ikabaki ya kutosha kazi ya jioni. Geita kwenda na kurudi usithubutu, labda uwe na pa kulala na soketi ya kuchomekea. Kwa teksi ya mjini, suala la umbali nimelifunga.

Sasa nije kwenye kilichonikosesha usingizi. Mimi nakaa Isamilo, kule juu. Anayeijua Mwanza anaelewa: nyumba zimekaa juu ya majabali, na safari ya asubuhi inaanza kwa kuteremka. Gari la umeme ukiinua mguu kwenye pedali ya mwendo, mota inageuka jenereta. Inalikamata gari, na ule mwendo unaopungua unarudi kwenye betri kama umeme. Ukizoea, unaendesha kwa pedali moja, breki unaigusa wakati wa kusimama kabisa. Ni raha, pedi za breki haziliki upesi, na mguu unajifunza upesi mno.

Lakini umeme huo lazima upate pa kuingia, na betri iliyojaa asilimia 100 haina nafasi. Kwa hiyo usiku nachaji, asubuhi naondoka na 100, nashika mteremko, nainua mguu kama nilivyofanya jana jioni, na gari halishiki. Linaserereka kama mkokoteni ulioachiwa. Breki za kawaida zipo na zinakamata vizuri, sitaki kumtisha mtu. Tatizo ni ile sekunde ya mguu kuhama kutoka pedali hii kwenda ile, wakati mbele yako kuna bodaboda imepakia wanafunzi wawili. Kwenye skrini kinawaka kialama kidogo cha betri chenye mstari katikati. Hakilii, hakina maandishi. Asubuhi moja nilikuwa nimembeba bibi anayekwenda kliniki Bugando. Akashika dashibodi kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hili gari limekatika nini?"

Nikampigia injinia wao. Ni kijana mstaarabu, simu anapokea hata usiku. Akaniambia, "Kaka, wewe chaji mwisho 80, utaona tatizo limekwisha." Na kweli, likiwa na 80 linashika kutoka juu mpaka chini. Ila mwongozo wao wenyewe unaelekeza betri ijazwe hadi 100 angalau mara moja kwa wiki, na hawajakosea kuandika hivyo. Betri hii ni ya aina ya LFP. Volti zake karibu hazibadiliki ikiwa na chaji nyingi au chache, hivyo kompyuta inakosa pa kushikia hesabu mpaka ijazwe pomoni. Usipoijaza, asilimia unazoziona kwenye skrini zinaanza kudanganya. Basi mwongozo unasema jaza, injinia anasema usijaze, na mimi nakaa mlimani. Nikamuuliza: kabla hamjatupa sisi, magari haya yalikuwa yanalala wapi? Kwenye yadi yetu, akasema. Yadi yao iko tambarare. Asubuhi gari linatoka na betri imejaa, linatembea kwenye lami iliyonyooka, na likifika kwenye mteremko wa kwanza limeshatumia umeme kidogo na nafasi imepatikana. Wasingeliona hilo hata wangelijaribu mwaka mzima.

Dawa ipo, na wala si kubadilisha kifaa. Tesla, kwa mfano, waliongeza kwenye programu yao uwezo wa breki za kawaida kuingia zenyewe pale betri inapokataa kupokea, ili mguu usione tofauti. Hawa nao wangeweza kufanya hivyo. Jibu nililopewa ni kwamba itakuja kwenye sasisho la programu baada ya uzinduzi. Hilo neno "baada" ndilo linalonifanya nisitoe pesa yangu.

La pili ni plagi. Gari linakuja na kebo ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, ampea 10. Soketi ya pasi inavumilia ampea hizo kwa nusu saa, si kwa saa 13 za usiku mfululizo. Siku moja nilichomoa asubuhi nikakuta pini ya laivu inaunguza kidole na plastiki kuizunguka imebadilika rangi kuwa kahawia, kwa mbali inanukia nywele zilizoungua. Waya wa nyumba za kupanga tunaujua: mafundi watatu wa nyakati tofauti, kila mmoja na unene wake wa waya. Kebo nzuri huwa na kihisi joto ndani ya kichwa cha plagi, pakipata moto inapunguza umeme yenyewe. Hii haina. Nilipoandika hivyo kwenye fomu, nilipigiwa simu nikaambiwa nisitumie ekstensheni. Sikuwa natumia ekstensheni. Baadaye nilimwita fundi akanivutia waya mpya kutoka kwenye meni, wenye swichi yake peke yake, na joto likaisha. Gharama hiyo iwekeni kwenye bei ya gari, kwa sababu bila hiyo silali.

Barabara zetu za vilimani, hizi zilizojengwa kwa mawe, zilikuwa na lao la kusema. Kule nyuma chini pakaanza kugonga. Fundi wangu aliingia uvunguni akakuta bamba linalokinga betri limelegea boliti mbili, na ya tatu haipo. Boliti ni kitu kidogo, ila kwenye magari haya nimeshajifunza kutokucheka boliti. Juni 2022 Toyota, hao tunaowaamini kuliko ndugu zetu, waliyarudisha magari yao mapya ya umeme ya bZ4X kama 2,700, muda mfupi tu baada ya kuanza kuyauza, kwa sababu boliti za magurudumu zingeweza kulegea mpaka gurudumu kuchomoka. Ikiwa imewatokea Toyota, sioni sababu ya mtu mwingine kuona aibu kulizungumza.

Mvua ndiyo iliyonishangaza kwa uzuri. Mto Mirongo ulipofurika, nilipita kwenye maji yaliyofika katikati ya gurudumu na gari halikukohoa. Betri yenyewe imefungwa kwa kiwango cha IP67, maana yake inapaswa kuhimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Maji yaliingia kwingine kabisa, kwenye buti, kupitia mpira wa taa ya nyuma upande wa kulia. Ukitazama kwa karibu, mwanya wa mlango wa nyuma upande huo unaingiza kidole, upande wa kushoto hauingizi hata kadi ya LUKU. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimempakia mama wa soko la Mwaloni na magunia yake ya dagaa. Zulia likanywa maji, dagaa wakayanywa pia, na harufu ile bado imo. Na ukipita Makoroboi punguza mwendo sana, machinga na wateja wao hawalisikii likija, honi tu ndiyo mkombozi wako.

Kuhusu mianya na mipira hiyo, injinia aliniambia nisijali: haya ya majaribio yaliungwa kwa mkono, mold, yaani kalibu, za mwisho za kiwandani hazikuwa tayari. Nikafurahi, halafu nikafikiri tena. Kama mlango nilioujaribu sio utakaouzwa, basi mlango utakaouzwa haujajaribiwa na mtu. Kawaida ya wenye kazi hii ni kwamba baada ya magari ya kuunga kwa mkono, yanatengenezwa machache kwenye mstari halisi wa kiwanda, kwa mold halisi, nayo yanapigishwa kazi upya. Niliuliza kama hatua hiyo itakuwepo kabla ya ile tarehe ya bango. Sikupata ndiyo, sikupata hapana.

Fomu zenyewe zilikuwa na maswali ya aina hii: kiti kinakupa raha kiasi gani, 1 hadi 5; rangi ya skrini inakuvutia kiasi gani, 1 hadi 5. Hapakuwa na mahali pa kuandika "naishi mlimani". Mimi nilikuwa nageuza karatasi naandika nyuma.

Ukienda kuliangalia siku ya uzinduzi, usihangaike na skrini. Omba uliendeshe likiwa na asilimia 100, tena kwenye mteremko. Shika plagi baada ya saa mbili za kuchaji. Kisha waulize kama watakuwa na daftari la wenye magari hata gari likiuzwa mkono wa pili, na wa tatu. Mwaka 2021 General Motors waliita Chevrolet Bolt zote walizokuwa wameuza, zaidi ya 140,000, kwa kasoro ya seli za betri iliyoweza kuwasha moto. Waliwafikia wenye magari kwa sababu walijua ni akina nani. Kwetu gari likishapita dalali wa kwanza, anayelijua ni dalali wa pili.

Injinia amenipigia juzi, ananiomba nichukue jingine la awamu ijayo. Nimemkubalia kwa sharti moja: lilale kwangu, lijae mpaka 100, na yeye aje alfajiri akae kiti cha abiria tuteremke wote. Amecheka, amesema atakuja. Tarehe ya uzinduzi, nilipomuuliza, haijasogezwa.