Doksisaiklini siku saba: koo, tumbo na jua la Newala

Niliandikiwa doksi, yaani antibayotiki ya doksisaiklini, mwezi wa Oktoba, msimu wa korosho umepamba moto. Kikohozi kilikuwa kimepita wiki, makohozi ya kijani, na kichomi ubavuni kila nikivuta pumzi. Penisilini mwili wangu haipatani nayo, iliwahi kunivimbisha midomo, ndiyo maana daktari akachagua doksisaiklini: miligramu 100, moja kutwa mara mbili, siku saba.

Lililonitesa zaidi lilikuwa koo. Usiku wa kwanza nilimeza kwa funda moja la maji, nikajilaza. Wenzangu wa Uwanda wa Makonde mtanielewa: huku maji ni ya kutafuta, tumekua tukijua kutopoteza tone. Alfajiri kifua kilikuwa kinawaka katikati, hata mate yakipita nasikia kama nameza mwiba. Nikadhani ni kiungulia. Nikatafuna magnesiamu mbili, na papo hapo nikameza doksi ya asubuhi, tumbo tupu. Haikupita nusu saa nikatapika.

Mama mkwe akasema, "Dawa imekukataa, mwanangu, achana nayo." Alisema kwa huruma, na ningemsikiliza kama si binti wa duka la dawa nililopitia kuuliza.

"Mama, unaimeza na maji kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kiganja.

Akanieleza kwamba kidonge kilinasa njiani na kuyeyukia hapo, na doksi ina ukali wa asidi, kwa hiyo inachoma. Imezwe na glasi nzima ya maji, mtu amekaa au amesimama, asilale kwa nusu saa au zaidi. Ile magnesiamu nayo huishika dawa tumboni, kiasi kwamba sehemu yake haifiki kwenye damu. Vidonge vya kuongeza damu hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo vitenganishwe kwa saa mbili tatu. Chakula cha kawaida hakina neno, tena hutuliza kichefuchefu.

Kuanzia hapo nilimeza baada ya uji wa asubuhi na baada ya ugali wa jioni, mapema kabla ya kulala. Sikutapika tena. Koo lilipona polepole, siku kama tano.

Siku ya nne kichomi kimeisha, nikaenda shambani kuokota korosho hadi adhuhuri. Jioni shingo na migongo ya mikono ilikuwa inawaka. Ngozi yangu ni nyeusi, haikuonyesha wekundu. Ilizidi giza, ikauma kuguswa, kisha ikabambuka. Doksi huifanya ngozi ishindwe kustahimili jua. Hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu bahasha ya dawa iliandikwa "1 x 2" tu, na mtu anayemwandikia mkulima dawa hii wakati wa korosho angemwambia neno moja: jifunike. Siku zilizobaki nilivaa mikono mirefu na kujitanda kanga mbili.

Choo kililegea siku mbili, kikatulia chenyewe. Mwishoni nikapata fangasi sehemu za siri. Wanawake wenzangu, hutokea na antibayotiki nyingi na ina dawa yake, msione haya kusema.

Hayo yalivumilika. Lakini ukivimba uso au midomo, ukapumua kwa shida, ukaharisha maji mfululizo au damu, au kichwa kikauma sana na macho yakaona ukungu, rudi hospitali mara moja. Mjamzito amwambie daktari kabla hajaandikiwa. Na mabaki usimpe mtoto mdogo, huweza kumharibia rangi ya meno kwa kudumu.

Vidonge 14 nilivimaliza vyote, kifua kikawa cheupe. Nikiandikiwa tena nitaimeza, na wiki hiyo nitaokota korosho alfajiri tu, jua likipanda niko kivulini nabangua.