Maduka mazuri, mtaro mbovu: kituo cha biashara upande wa Kano, Kisumu

Kwa bidhaa, kituo hiki cha maduka pembezoni mwa Kisumu, upande wa kuelekea uwanda wa Kano, hakina mpinzani karibu. Omena hupimwa kwa gorogoro iliyojazwa hadi kilele, mgongo wazi (mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kutolewa) hukaangwa mbele ya mnunuzi, na duka la pembejeo huwa na mbegu kabla msimu haujaanza. Anayefika Januari atajiuliza kwa nini wafanyabiashara wanakusanya sahihi kuitaka serikali ya kaunti ikikarabati. Arudi Aprili.

Tatizo liko chini ya miguu. Udongo wa hapa ni ule mweusi wa Kano: ukilowa unavimba na kunata, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Changarawe ikimwagwa juu yake hivihivi haikai. Malori ya saruji yakishapita kwenye mvua, mawe yanazama na tope linapanda juu. Kazi inayodumu ni kuchimba udongo huo, si chini ya nusu mita, kujaza mawe magumu, kushindilia tabaka kwa tabaka, kisha changarawe, na juu yake kabro, yaani vitofali vya zege vya kutandaza. Kwa kituo kama hiki kabro inafaa kuliko lami. Bomba la maji likipasuka, vitofali vinang'olewa na kurudishwa palepale, ilhali lami ikikatwa inabaki na kiraka, na kiraka hugeuka shimo. Panapopita malori vitofali viwe vya unene wa milimita 80. Vya 60 ni vya watembea kwa miguu na magari madogo.

Lakini mtaro kwanza. Hapo ndipo orodha ya madai ya wafanyabiashara inapokosea, na tunasema hivyo kwa sababu tunataka wafanikiwe: wametanguliza barabara, zikafuata taa, mtaro ukawa wa mwisho. Barabara yoyote itakayojengwa kabla ya mtaro hapa ni pesa za umma zilizotupwa.

Tazama safu ya chini ya maduka. Karibu kila mwenye duka amejitengenezea kivuko chake juu ya mtaro, na chini yake amelaza bomba la plastiki la inchi 4. Mabua ya sukuma na magamba ya samaki ya asubuhi moja yanatosha kuliziba. Maji yanaruka ukingo na kuingia dukani. Mwenye duka anainua kizingiti chake kwa saruji, maji yanahamia kwa jirani, naye anainua chake. Sasa vizingiti vimepandana kama ngazi, na maji yote yanawaishia akina mama mboga wanaotandaza bidhaa chini, ambao hawana kizingiti cha kuinua. Kaunti ina wajibu wake, lakini mabomba haya yaliwekwa na wenye maduka, na lazima wakubali yang'olewe. Mahali pake pajengwe mtaro wa kuta za zege wenye vifuniko ambavyo watu wawili wanaweza kuvinyanyua na kusafisha, na kalvati (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) za kipenyo cha milimita 600 kila mtaro unapovuka barabara. Ndogo kuliko hizo huziba upesi na kusafisha ndani yake ni taabu. Michoro ionyeshe pia maji yanaishia wapi. Uwanda ni tambarare, na mtaro usio na mwisho unageuka bwawa refu la mbu.

Choo cha shimo kisijengwe tena. Maji ya ardhini yako karibu, na mvua ikizidi shimo linafurika katikati ya wauza samaki. Kinachofaa ni choo kilichounganishwa na bomba la majitaka, au chenye tangi lililojengewa kuta na nafasi ya lori la kunyonya kufika. Bila hiyo nafasi, tangi likijaa choo kinafungwa.

Kuhusu taa, mulika mwizi moja, yaani mlingoti mrefu wenye taa kubwa, inasaidia, ila ikizima kituo chote kinaingia gizani. Taa fupi kadhaa za sola mbele ya maduka ni bora.

Masoko, barabara za kaunti, taa za barabarani na maji ya mvua mitaani ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi. Karatasi yenye sahihi pekee haitoshi: kila jina liwe na nambari ya kitambulisho, ombi lieleze juhudi zilizokwisha kufanywa, na lipelekwe kwa karani wa bunge la kaunti, nakala kwa mwakilishi wadi. Kwanza hakikisheni kama barabara inayopita mbele ni ya kaunti au ya mamlaka ya kitaifa. Ombi likienda kwa asiyeimiliki, mwaka umepotea.

Tarehe ndizo zinazoangusha wengi. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha unaofuata hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mradi usiotajwa kwenye mpango ni vigumu kuuchomeka Aprili, hata wafanyabiashara wakijaza ukumbi. Kwa hiyo ombi liingie mapema, Juni au Julai, na lidai kazi ya kuchimba ifanyike Januari na Februari za mwaka huo wa fedha, kabla ya mvua za Machi.

Jambo moja halimo kabisa kwenye madai, nalo linatusikitisha. Vibanda vingi viko kwenye hifadhi ya barabara na vitaondolewa kazi ikianza. Orodha ya wenye vibanda iandikwe sasa, kila mmoja na biashara yake, ibandikwe hadharani, na ombi liseme waziwazi kwamba hao ndio wa kwanza kupewa nafasi ujenzi ukikamilika.