Mpira wa mafuta wa R9 kwenye Corolla KE70: uzoefu wangu

Ninaendesha Corolla KE70, toleo la DX lenye injini ya 4K ya kabureta, na pampu yake ya mafuta ni ileile ya kwenye injini, inayosukumwa na kamshafti. Shida yake ilikuwa joto. Ukipanda mlima Kitonga mchana gari linakosa nguvu, linakohoa, linazima. Likipoa linawaka vizuri kabisa. Mafundi karibu wote walinishauri ning'oe pampu nifunge ya umeme. Sikukubali, na nafurahi sikukubali, kwa sababu pampu ilikuwa nzima. Mipira ndiyo iliyokuwa imechoka.

Nilinunua mpira wenye maandishi ya SAE J30 R9 ubavuni, yaani alama ya kiwango cha mpira wa mafuta, klipu zake na filta mpya. R9 ni mpira wa magari ya injeksheni, kwa hiyo unabeba presha kubwa mno kuliko ya pampu kama hii, na kwa kabureta mpira wa kiwango cha R7 nao unafaa. Mimi nililipia tabaka la ndani, ambalo halilainiki wala kumeguka kwa petroli. Ule wa zamani niliupasua kwa wembe. Nje ulionekana mzima, ila ndani ulikuwa na nyufa nyembamba za kuzunguka, ukiukunja zinafunguka, na kidole kilitoka na weusi kama masizi. Weusi huo ndio uliokuwa unajaa kwenye filta.

Kuanzia tangi hadi kwenye pampu, petroli inavutwa, haisukumwi. Mpira ukipasuka upande huo, huenda usione hata tone chini ya gari, kwa sababu pampu inavuta hewa kupitia ufa. Tena petroli inayovutwa inapungukiwa presha, na ikipungukiwa presha inachemka kwa joto dogo zaidi. Mvuke unajaa njiani, kabureta inakauka, gari linazima. Kama hela haitoshi kubadilisha yote, anza na kile kipande kifupi cha pale kwenye tangi, ambacho fundi hukiruka kwa sababu lazima alale chini ya gari. Changu ndicho kilikuwa kibovu kuliko vyote.

Pampu yangu ina mirija mitatu: wa kuingiza, wa kwenda kabureta na wa kurudisha tangini. Dukani utapewa pampu yenye miwili na kuambiwa uzibe bomba la kurudi. Usikubali! Petroli inayozunguka kurudi tangini haikai kwenye pampu ikapata moto, na mvuke nao unapata pa kutokea.

Klipu zangu zina kingo zilizokunjwa kwa nje. Zile za mkanda wenye matundu hukata mpira ukizikaza sana. Klipu ikae nyuma ya uvimbe wa bomba, siyo juu yake.

Kasoro zipo. Mpira huu ni mgumu na haupendi kona kali, kwa hiyo niliuacha mrefu kidogo nikauzungusha mbali na eksozi, maana kwenye 4K kabureta imekaa juu ya manifoldi ya eksozi. Bei nayo ni kubwa, karibu mara tatu ya mpira wa kawaida. Na feki zipo. Bomba la plastiki linaloonyesha ndani silishauri kabisa, hata kwa dharura; likikaa karibu na injini linakauka na kupasuka.

Tangu nifunge, nimepanda Kitonga saa nane mchana na mzigo nyuma, bila kusimama. Asubuhi pia linawaka upesi zaidi, kwa sababu mafuta hayarudi nyuma usiku.

Fanya kazi hii injini ikiwa ya baridi na betri imechomolewa. Ila kabla hujanunua chochote, vuta kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, huenda diaframu, yaani utando wa ndani ya pampu, imechanika na mafuta yanaingia kwenye oili. Ikiwa ndivyo, badilisha pampu na oili kwanza, mipira ifuate.