@turbo ya Julia: kasi ipo, ila angalia toleo

Kwa anayekokotoa rekodi za kina cha Ziwa Victoria hapa Kisumu kwa laptopu ya mtumba, makro ya @turbo (amri ya kuharakisha lupu) iliyo kwenye kifurushi cha LoopVectorization inalipa, hasa lugha ya Julia yenyewe isipopita toleo la 1.10. Wasimamizi wake walitangaza kwamba kuanzia 1.11 itageuka @inbounds @fastmath tu, yaani amri za kawaida za Julia za kuacha kukagua mipaka na kulegeza kanuni za hesabu; basi pima kwanza kwenye toleo lako.

Kuitumia ni rahisi: kwenye dirisha la Julia andika ]add LoopVectorization, kisha using LoopVectorization, halafu @turbo mbele ya for. Inaipanga lupu upya ili prosesa yenye AVX2 (amri za kukokotoa namba kadhaa kwa pamoja) ishughulikie namba 4 za desimali za biti 64 (Float64) kwa amri moja, au 8 za biti 32 (Float32). Intel Core za kizazi cha 4 kwenda juu zinayo. Celeron za enzi hizo hazina, basi muulize muuzaji kabla hujatoa pesa.

Balaa ni kwamba haikagui mipaka ya safu. Kama safu ina namba n, andika 1:n+1 uone: namba za ajabu, au programu inaanguka ghafla. Lupu kama x[i] = x[i-1] + r[i] usiipe kabisa; inachukulia kila mzunguko unajitegemea, na jibu linaweza kuharibika bila onyo lolote. Mwito wa kwanza huchelewa kwa sababu msimbo unakompailiwa, kwa hiyo pima kasi kwa @btime ya kifurushi cha BenchmarkTools, inayorudia mwito mara nyingi.