Kipimo cha presha cha nyumbani: pima mkono kabla hujalipa

Nilikinunua Kariakoo mwezi wa pili, shilingi 85,000, kile cha kufunga mkanda juu ya kiwiko. Baba alipata kiharusi, upande wa kushoto umelegea, na daktari anataka namba za asubuhi na jioni ziandikwe kwenye daftari.

Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Namba ni kubwa, Baba anazisoma bila miwani. Tatizo ni mkanda. Unaokuja ndani ya boksi unaishia mkono wa sentimita 32, na Baba kabeba magunia bandarini miaka mingi. Wake una 37. Nikaulazimisha. Mkanda mdogo hupandisha namba, na muuzaji hakuniuliza hata anayepimwa ni nani. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha katikati ya bega na kiwiko. Ikizidi 32, dai mkanda mkubwa.

Wiki tatu kinasoma 160 na kitu. Nikaficha chumvi. Nikamwambia Baba usoni kwamba vidonge anavitupa. Akanijibu, "Unanipima kama ng'ombe wa mnadani." Ikawa hata shikamoo yangu haitikii. Naamka saa kumi na moja, namwogesha, nakoroga uji, nawahi daladala. Kaka zangu wanatuma hela kwa simu, basi. Jioni moja nilikaa kwenye ngazi za nje, funguo mkononi, nikashindwa kuingia ndani.

Zahanati, nesi akampima kwa mkanda mpana: 146. Akafunga wangu kwenye mkono uleule: 163. Vidonge alikuwa anakunywa siku zote. Nilitazama sakafu.

Mkanda mkubwa umenigharimu 25,000 nyingine, na sasa namba zinakaribiana na za zahanati. Masharti yake: mkono ule mzima, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipishanisha, atulie dakika tano, na asiongee mtu mpaka kimalize. Hizo dakika ndizo tunazokaa pamoja bila maneno makali.

Radhi sijamwomba, kila nikifungua mdomo, koo linabana. Juzi asubuhi nimemkuta ameshakaa, mkono ameutoa kwenye shati mwenyewe. "Mama," akaniita, maana nimerithi jina la mama yake, "mashine iko wapi?" Tangu augue nilikuwa "wewe."

Nikaenda kuileta.